Marejea Si Magugu, na Konde la Kuazima Si la Kunyang'anyana



Nimeamua kuandika kwa sababu maneno ya barazani yakishachukuliwa na upepo wa kusi, kila mtu huyafikisha nyumbani kwake kwa umbo jingine. Karatasi haigeuki. Ijumaa iliyopita tulipotoka msikitini nilisikia kwa masikio yangu haya mawili kwamba baadhi ya ndugu wamekwisha kupatana. Katika mkutano mkuu ujao watatoa hoja kwamba marejea yaliyo nyuma ya ghala letu yafyekwe yote kabla hayajakauka, na mahali pale pafungwe ng'ombe. Sababu zao ni tano, nimezihesabu. Nne wanazisema kwa mdomo. Moja imo moyoni na hawaisemi. Zile nne nitazijibu upesi, halafu tukae kitako tuizungumze ya tano.

Nimetumia karatasi sita. Asiyeweza kusoma kwa kusimama aje na kigoda. Asiyejua kusoma amshike mkono mmoja wa darasa la kisomo amsomee, na huyo msomaji asiruke mahali.

Sababu ya kwanza: ati ni magugu. Kweli, yanaota porini yenyewe, kando ya njia na penye majimaji, sikatai. Lakini kwani kilichoota chenyewe hakina kazi? Mchunga nani aliupanda? Mnavu je? Tunachuma, tunapika, tunatia tui, hakuna anayeuliza ulipandwa na nani. Kule magharibi ya Kenya watu huchuma majani ya marejea wakayapika mboga, wanayaita mitoo, na uchungu wake ndio wanaoupenda. Mie nimeonja, sikupenda. Basi si kwa ajili ya sufuria nimeyatetea.

Nayatetea kwa ajili ya udongo. Huko Peramiho, wilaya ya Songea, palikuwa na padri wa Kibenediktini aliyeitwa Gerold Rupper. Katika miaka ya 1980 padri huyo aliyashikia bango marejea mpaka watu wakayapanda makusudi kwenye mashamba ya mahindi yaliyochoka. Akaandika, akaeleza, akagawa mbegu. Msiniulize Muislamu wa Mafia ana shughuli gani na padri wa Songea. Mbegu haina dhehebu. Na jina lenyewe si geni kwetu, ni Kiswahili kitupu: rejea. Kilichoondoka kwenye udongo kinarejea.

Kinarejeaje? Hili tulilitazama darasani, hatukuambiwa na mtu. Jioni moja mwalimu wetu wa kisomo alituambia tuache ubao, twende nyuma ya ghala na taa yetu ya jua. Tukang'oa mche mmoja polepole, tukaukung'uta mchanga. Mizizini mmejaa vifundo vidogo vidogo, vingine sawa na punje ya mtama, vingine vimeshikana kama vidole vya mtoto. Tukapasua kimoja kwa wembe. Ndani chekundu kama damu iliyotiwa maji. Bibi mmoja akasema, "Huu ugonjwa." Si ugonjwa, ndugu zangu. Ndani ya vile vifundo vinakaa vijidudu visivyoonekana kwa macho, na kazi yao ni kuchukua naitrojeni iliyomo katika hewa na kuigeuza chakula cha mmea. Hewa hii tunayovuta, karibu sehemu nne katika kila tano ni naitrojeni. Muhogo umesimama katikati ya hewa hiyo mchana na usiku, na hauwezi kuitumia hata kidogo. Marejea wanaweza kwa msaada wa wageni wao. Kifundo ukikipasua ukakuta chekundu, ujue kazi inafanyika. Ukikuta cheupe au kijivu, bado au kimekwisha kufa.

Hapo mtaalamu mmoja wa barazani atauliza: kunde si hivyo hivyo? Na mbaazi? Na njugu mawe? Ndiyo, bwana, ni ukoo mmoja, zote zina vifundo, na mie sisemi tuache kunde. Lakini tazama tunavyoitendea kunde. Majani tunachuma tukala, maharagwe tunavuna tukala, na maganda tunatupa jaani. Kilichobaki kondeni ni kidogo. Marejea wanakwenda juu kumpita mtu, wana majani mengi, na yote, shina na jani na mzizi, tunayalaza pale pale. Hakuna kinachotoka isipokuwa mbegu za mwaka wa pili.

Sababu ya pili: nyoka. Nyoka yupo. Yupo pia kwenye chungu ya makumbi uani kwako, na kwenye makuti uliyoyalundika tangu mwaka juzi. Fyeka njia ya kupita, usipande mpaka mlangoni, vaa viatu. Nimemaliza hiyo.

Sababu ya tatu: ati tuna ng'ombe, samadi inatosha. Inamtosha nani? Hesabuni nyumba zenye ng'ombe hapa kijijini, kisha hesabuni nyumba zinazolima muhogo. Na wale ng'ombe wanachungwa chini ya minazi, samadi inabaki shambani kwa mwenye minazi. Kwetu sisi, wanaojua wanajua, shamba ni la minazi na konde ni la muhogo, na anayeshika shamba mara nyingi siye anayeshika jembe la konde. Samadi ikifika konde la maskini imefikishwa na ng'ombe aliyekatika kamba usiku, na ameacha samadi baada ya kula muhogo.

Sababu ya nne: tununue mbolea ya dukani, serikali imetoa ruzuku. Ni kweli ruzuku ilianza mwaka 2022, na anayeweza kununua anunue, mie simzuii. Lakini mfuko ule ufike Nyamisati, upakiwe chomboni, uvuke mpaka Kilindoni, upakiwe tena uje huku, halafu umwagwe kwenye mchanga wetu. Mchanga wa Mafia mnaujua, maji yanapita kama kwenye kung'uto. Masika ikinyesha siku tatu, mbolea imekwenda chini ambako mzizi haufiki. Mchanga unataka kwanza kitu cha kushika maji, yaani majani yaliyooza. Mnakumbuka kimbunga Hidaya, tarehe 4 Mei 2024, kilivyotujia juu ya kisiwa. Makonde yaliyokuwa yamefyekwa na kuchomwa yakabaki meupe kama ufuko. Penye majani yaliyolala, udongo ulikaa.

Nisiwe mwongo wa upande mmoja. Yako mambo ambayo wanaonipinga wana haki. Wanaosema marejea yakipandwa chini ya minazi nazi zitapotea nyasini, wanasema kweli. Nazi iliyoanguka lazima ionekane, la sivyo wezi wataiona kabla yako. Basi chini ya minazi yasipandwe, yapandwe bustanini karibu na nyumba na kwenye konde la muhogo. La pili, mbegu zake si chakula. Jamii hii ina sumu inayodhuru ini, kwa hiyo usile mbegu, usimwagie kuku, na mtoto asichezee yale maganda yanayolia kama kayamba akazitia mdomoni. La tatu ndilo zito: pale ulipopanda marejea hupandi kitu kingine mpaka uyakate. Mwenye konde dogo atapoteza msimu mmoja wa chakula. Hilo sitalificha, na nitalirudia mbele.

Kwa yule mwenye nia, utunzaji wenyewe ni huu. Masika ikianza kushika, lima juu juu, panda mistari, kati ya mstari na mstari kama futi moja na nusu, mbegu uzifukie kidogo tu, maana ni ndogo, ukizizika zitafia humo. Wiki tatu nne za mwanzo palilia, ndugu yangu, palilia. Hapa ndipo wengi walipokosea mwaka jana. Walisikia neno "pori" wakadhani halitaki mkono. Mche mchanga wa marejea unaonewa na nyasi kama mtoto mwingine yeyote. Ukikishafika magotini, basi, sasa wenyewe unayafunika magugu mengine na kuyanyima jua, ukae kivulini utazame.

Yatatoa maua ya rangi ya maziwa na manjano yenye michirizi ya kahawia. Maua yakifunguka, kata. Usingoje. Ukingoja shina litakuwa kuni, halitaoza upesi na jembe litaruka. Kata, laza chini au fukia kidogo, kaa wiki mbili tatu, ndipo upande. Acha mstari mmoja tu ukomae kwa ajili ya mbegu, na huo uchunge. Kuna nondo mweupe mwenye madoa mekundu na meusi, mzuri wa kutazama, kiwavi chake hutoboa maganda kikala mbegu mbichi. Pita asubuhi, kitoe kwa mkono. Maganda yakianza kulia ukiyatikisa, vuna kabla hayajapasuka yenyewe.

Akina mama wa bustani ya nyanya na bamia wasikilize vizuri. Ile nyanya inayonyauka mchana hali maji umetia, ukiing'oa mizizi imevimba mafundo mafundo, hayo si mafundo ya heri. Ni minyoo fundo, haionekani kwa macho. Marejea na ndugu zake huipunguza, kwa kuwa haizaani vizuri kwenye mizizi yao. Msichanganye mafundo ya aina mbili: cha marejea kimebandikwa ubavuni mwa mzizi, ukikikwangua kinabanduka. Cha minyoo ni mzizi wenyewe umevimba. Na kwa wenye mpunga wa nchi kavu, huko Kyela wakulima na watafiti waliyajaribu marejea kwenye makonde yenye kiduha, kwani mizizi yake huiamsha mbegu ya kiduha ikaota bila kupata wa kumnyonya, ikafa.

Na sisi wenyewe tumeona nini? Nyuma ya ghala tulipanda muhogo pande mbili, upande mmoja palipolazwa marejea na upande mwingine hapakulazwa kitu. Wajumbe wote walikuwapo siku ya kung'oa. Upande mmoja tulijaza kapu kwa mashina machache, upande wa pili tulizunguka na kapu mpaka jua likatuchoma. Wanaotaka kufyeka nao walikuwapo. Walikula ule muhogo. Nimewaona wakila.

Sasa ya tano.

Mtu aliyeona kapu kwa macho yake, akala, kisha akataka kufyeka, huyo hana shaka na marejea. Ana hofu nyingine. Hofu yenyewe ni hii: nusu ya wanaolima muhogo hapa wanalima konde la kuazima. Mila yetu mnaijua, mwenye kuazima hapandi mti, kwa sababu aliyepanda mnazi ni mwenye mnazi hata kama udongo si wake, na ugomvi wa namna hiyo umewatia watu wengi mahakamani. Basi wenye ardhi wanasema kimoyomoyo: leo marejea, mwaka huu akate, mwaka ujao apande, mwaka wa tatu udongo ukiwa mweusi atasema ni jasho lake, haondoki. Heri konde libaki jeupe na liwe langu.

Na mwenye kuazima naye ana hesabu yake. Anasema: nipoteze msimu mzima nilishe udongo wa mtu, ukishanona aje aniambie nimwachie? Heri nichome, nipande, nivune, niende zangu. Wote wawili wana akili. Na kwa akili zao hizo mbili udongo wa kijiji kizima unakwisha.

Baba zetu waliambiwa Siasa ni Kilimo, azimio la TANU la Iringa, mwaka 1972. Tulilisikia neno hilo tukiwa watoto mpaka likawa wimbo. Lakini kilimo nacho ni siasa: nani analima, nani anangoja, nani anavuna. Marejea ni mmea wa kungoja. Asiye na hakika ya mwaka kesho hawezi kungoja.

Mtasema: Katibu, wewe unasema kwa nani? Haya, nasema.

Mwaka 2019 nilimwazima mama mmoja konde langu la bondeni. Sitamtaja jina, yeye anajua na kijiji kinajua. Lilikuwa konde bovu, ndiyo maana niliazima. Yule mama alibeba makumbi kwa kichwa, akapanda mbaazi pembeni. Mwanawe alikuwa akifanya kazi Songea, akamletea mbegu zimejaa kikombe kimoja cha chai. Ndiyo hayo marejea, jamani. Hayakuletwa na ushirika, hayakuletwa na Chama wala na bwana shamba. Yaliletwa na mama asiye na ardhi, akayapanda kwenye udongo wangu, watu wakamcheka kwamba analima majani. Mie pia nilicheka.

Mwaka 2022 muhogo wake ulikuwa unapasua ardhi. Nikaenda nikamwambia mwanangu anataka kuoa, nalihitaji konde. Mwanangu hakuwa na mchumba wakati ule, nasema mbele ya kijiji. Alichukua jembe lake na kapu lake akasema, "Haya kaka, kilichobaki ni chako." Kilichobaki kilikuwa udongo mweusi. Nimeulima muhogo juu ya muhogo bila kuupumzisha, na mwaka huu nimeng'oa muhogo mwembamba kama kidole gumba. Hata zile mbegu za ghalani zilitoka kwake. Tulipoanza nyuma ya ghala alitugawia bila kinyongo, na hatukumwandika popote kwamba ni zake.

Sisi wa Chama tuna maneno makali ya kumwita mtu anayekula jasho la mwenzake. Nimeyatumia mikutanoni kwa wafanyabiashara wa mbata. Sikuwahi kuyatumia kwangu mwenyewe mpaka nilipokaa kuandika karatasi hizi.

Kwa hiyo ninayo hoja yangu nitakayoiweka mezani dhidi ya hoja ya kufyeka. Anayeazima konde na anayeazimwa waandikiane. Karatasi moja ya daftari inatosha: konde liko wapi, ni la nani, nani analima, na kwamba atalima masika tatu. Mti wa kudumu hatapanda. Marejea si mti, yanaishi msimu mmoja, hayampi mtu haki ya ardhi, na hilo liandikwe wazi mwenye ardhi alale usingizi. Kwa upande wa pili liandikwe hivi: mwenye konde akitaka kulirudisha kabla ya masika tatu, alipe kazi ya aliyelima, kwa muhogo au kwa fedha. Mashahidi wawili, nakala moja ikae kwa mwenyekiti wa kijiji. Wakigombana liko Baraza la Ardhi la Kijiji, limo katika Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999, kazi yake ni kupatanisha. Sheria hiyo hiyo inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume, kwa wale ambao hapo juu walikwisha kusema kimoyomoyo, "Huyo ni mwanamke tu."

Najua wapo watakaosema maandishi yanaleta uadui, babu zetu walipeana konde kwa neno. Babu zetu walikuwa na pori la kuhamia, konde likichoka wanakata jingine. Sisi pori liko wapi? Na maandishi si kitu kigeni Mafia. Mwalimu Nyerere alipotaja wilaya sita ambazo zingefuta ujinga wa kutojua kusoma katika mwaka 1971, Mafia ilikuwa mojawapo. Mama yangu alijifunza kuandika jina lake mwaka huo. Mie niliacha shule darasa la tatu nikaenda baharini, kuandika huku mnakokuona nimekupatia kisomo cha watu wazima nikiwa na watoto wanne. Tumejifunza ili iweje, kusoma majina ya vyombo bandarini?

Mkutano ni Jumamosi saa tisa alasiri, chini ya mwembe. Wenye hoja ya kufyeka waje, wasiikwepe, waseme sababu ya tano kwa sauti. Panga lisitumike nyuma ya ghala kabla ya kura.

Mbegu zipo kwa mtunza ghala. Kila kaya itapewa kikombe kimoja cha kahawa, na atakayevuna atarudisha viwili. Njooni na makopo yenu, mifuko hamna. Wa kwanza katika daftari la mbegu ameandikwa yule mama, kama mwenye mbegu.

Karatasi ya konde la bondeni nimekwisha kuiandika, masika tatu, kuanzia masika ijayo. Iko kwa mwenyekiti. Nimeacha pengo la sahihi yake, na nimefuta mahali nilipoandika "dole gumba", kwa sababu anajua kuandika jina lake: alianza darasani kwetu mwaka jana, anakaa benchi la mbele. Kama atakataa kulipokea konde, ni haki yake pia.

Katibu wa Chama, mwanachama wa ushirika